Kiti cha Kijani

Asubuhi ile Kanali aliingia ndani na hakukaa. Hilo peke yake lilitosha kuutia moyo wa mtu mashaka. Kwa kawaida akitoka kazi ya usiku alikuwa hafiki mbali: mlango, kisha kochi, basi. Alijitupa kama gunia lililokatika kamba, viatu vikamdondoka vyenyewe, na kabla hujamaliza kumpa pole ya kazi ungesikia mkoromo. Leo alisimama katikati ya sebule, mkoba begani, akilikodolea macho kochi kama mtu aliyemfumania jirani akimsengenya.

Mdogo wake, fundi wa friji, alikuwa akinywa chai wima wima ili awahi kazini. Mke wa fundi, ambaye ni mchoraji, alikuwa dirishani akifuta brashi zake.

"Wamenisimamisha," Kanali alisema.

Fundi aliuliza ni nani aliyemsimamisha na kwa kosa gani. Akaambiwa ni msimamizi wa usafi, na kosa ni kulala kazini, tena kwenye kiti cha wageni. Nusura acheke. Dada yake alale kazini? Angeambiwa friji imetaga mayai angekwenda kwanza kuiangalia friji. Mwanamke huyu alipewa jina la Kanali na wafagiaji wenzake kwa jinsi alivyozipanga ndoo mstarini, na wafagiaji nao akawapanga mstarini, na ole wake aliyepiga miayo.

"Wana ushahidi gani?" aliuliza.

Kanali alimjibu bila kumtazama. Alimgeukia mchoraji.

"Muulize mkeo. Ushahidi kauchora yeye."

*

Mambo yalianza kwa wema, kama mabaya mengi yanavyoanza.

Jengo alilosafisha Kanali lilikuwa limetoka kukarabatiwa. Walitia vioo, wakatia marumaru, na mapokezi wakaweka kiti cha ngozi ya kijani chenye vifungo mgongoni, kikubwa kama cha hakimu. Kuta zilibaki tupu. Asubuhi moja, zamu ikiisha, Kanali akamsikia katibu akilalamika kwamba meneja anataka picha ya kuchorwa kwa mkono, picha ya mwanamke wa kwetu, na hajui pa kuipata. Kanali hakusita. Aliegemeza ufagio ukutani, akasema wifi yake huchora wanawake na hachori kitu kingine, akataja namba ya simu. Katibu alimpandisha na kumshusha kwa macho, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu vya mpira, kama anayejiuliza mfagiaji amemjulia wapi msanii. Lakini namba aliiandika.

Aliyoyasema Kanali yalikuwa kweli. Mchoraji alichora wanawake weusi, hao hao anaopishana nao kila siku: muuza duka la dawa, mwalimu, mama anayeuza vocha, shangazi wa mtu. Rangi nyeusi ya kutoka dukani hakuigusa. Alisema weusi wa mtu hauuzwi kwenye tyubu. Alichanganya kahawia nzito na buluu ya wino, akatia wekundu kidogo penye shingo na masikio, akafuta, akarudia, mpaka ngozi ikapata joto. Aliwahi kufuatwa na bibi harusi aliyeomba achorwe mweupe kidogo tu, kama mtu aliyetoka kuoga. Mchoraji alimrudishia pesa yake na kumwambia akaoge. "Mimi sidanganyi," alipenda kusema, na wateja wake wakalichukua neno hilo kuwa ndiyo sahihi yake.

Picha aliyokuja kuiuza alikuwa ameianza zamani, asubuhi moja jua lilipopita dirishani likamkuta Kanali kochini. Mdomo wazi, kichwa kimelalia bega, sare ya kazi haijavuliwa, ufunguo wa nyumba bado mkononi, visigino vimepasuka kama shamba la kiangazi. Hakumwamsha na hakumwomba ruhusa. Nani humwamsha mtu aliyekesha ili amwombe ruhusa ya kumtazama? Hivyo ndivyo alivyojiambia. Alichora asubuhi ile na asubuhi nyingine nyingi, na kila alipomaliza alilifunika turubai kwa shuka. Huo ulikuwa mwiko wake: picha isiyokwisha haionwi na watu wa nyumbani, kwa sababu watu wa nyumbani hawakosi neno, na neno moja hukausha mkono. Kwa hiyo Kanali alilala kando ya picha yake mwenyewe miezi yote hiyo, asijue.

Mchoraji akaitwa akauone ukuta. Walimweka mapokezi asubiri, akakalia kile kiti cha kijani, na akakipenda. Aliporudi nyumbani alifunua picha, akaliona kochi lake: maua yamefifia, mkono wa kulia umechanika, sponji ya manjano imetokeza kama ulimi. Akamfikiria meneja amesimama mbele ya ulimi ule pamoja na wageni wake. Akajiambia kwamba kijani kitaikoleza ngozi ya wifi. Akachukua rangi, akalizika kochi zima chini ya kiti cha ngozi, hadi vifungo. Na kwa kweli ngozi ya wifi ilikolea. Katika maisha yake hakuwa amechora picha kama ile.

Aliona atamfurahisha wifi. Mtu aliyekuletea kazi, ukamweka ukutani, juu ya vichwa vya mabosi wake wote, atakosaje kufurahi?

*

Kanali alisimulia yaliyotokea kwa sauti kavu, bado amesimama. Alipoingia zamu aliwakuta wenzake wamekusanyika mapokezi. Mmoja akampigia saluti, akasema kumbe Kanali hata akilala analala na cheo chake. Wakacheka. Yeye hakujua wanacheka nini mpaka alipoinua macho.

"Nilijiona nimefumba macho, mdomo wazi, taa imenimulika," alisema. "Nilidhani nimekufa."

Kulipopambazuka akaja msimamizi. Alikuwa tayari na lake rohoni, maana meneja alikwisha kumlalamikia kwamba kile kiti kina alama ya mafuta ya nywele, kana kwamba kuna mtu hukilalia. Aliitazama picha, akakitazama kiti, akamtazama Kanali. Kanali akamwambia alilala nyumbani kwake, kwa haki yake, baada ya kazi.

"Nyumbani kwako mna kiti hiki?" msimamizi aliuliza, mbele ya watu wote.

Wenzake wakacheka tena, safari hii kwa chini chini, kama watu wanaoona haya kucheka lakini hawawezi kujizuia. Kanali angesema nini? Kiti kilikuwa pale sakafuni, na kiti kilikuwa pale ukutani, na yeye alikuwa juu yake. Akaambiwa aende nyumbani, arudi Ijumaa asikilize uamuzi.

Mchoraji alianza kuongea haraka haraka. Alisema atampigia msimamizi, atamweleza, jambo lenyewe dogo. Alisema ni rangi tu, kwamba kijani na kahawia nzito vinaitana, mtu yeyote mwenye jicho la picha analijua hilo. Aliongea mno. Kanali alimwacha mpaka maneno yakamwishia.

"Wifi, nikuulize. Hili kochi uliliona?"

"Nililiona."

"Ukaona aibu."

Mchoraji aliigeuza brashi mkononi.

"Uliona aibu kochi lako, ukalifunika. Sawa. Mimi na mdomo wangu wazi, na miguu yangu hii, mbona hukunifunika?"

Fundi alikohoa, akasema jamani, mambo ya nyumbani huzungumzwa watu wakiwa wamekaa. Dada yake akamwambia akae yeye kama miguu inamwuma. Kisha akaingia chumbani anamolala na mtoto wa fundi, akafunga mlango. Hakuubamiza. Mchoraji angependa aubamize.

*

Mchoraji alimpigia msimamizi mchana ule. Msimamizi hakuwa mtu wa matusi. Alimsikiliza vizuri, akamwita mama, akasema anaelewa kwamba wifi ni wifi. "Lakini picha haichorwi hewani, mama. Mchoraji huchora alichokiona." Mchoraji aliishusha simu taratibu. Maneno yale yale yeye mwenyewe alikuwa akiwaambia watu siku zote.

Jioni alimwambia mumewe kwamba Ijumaa atakwenda. Fundi alikuwa mtu wa hesabu za karibu. Alimkumbusha kwamba pesa ya picha imekwisha kuingia kwenye paa, na paa halirudishwi dukani. Akamkumbusha pia kwamba ujira wa dada ndio unaolipa nusu ya matumizi ya nyumba, kwa hiyo kwenda lazima aende, ila amwambie, huko atasema nini.

"Kwamba nilidanganya."

"Kwa watu walionunua picha kwa sababu hudanganyi?"

Usiku usingizi ulimkataa mchoraji, akawa anajiuliza maswali ambayo kazi ilikuwa imemkinga nayo. Amechora jasho la wangapi? Amechora makovu ya wangapi, macho yaliyovimba, meno yaliyotoka, mikono iliyobabuliwa na sabuni? Watu walisimama mbele ya picha hizo wakasema huyu mama hana woga. Na miaka yote hiyo hakuwahi kuchora kikombe chake kilichovunjika mkono, wala ukuta wake wenye unyevu, wala uso wake mwenyewe. Ujasiri wake wote aliufanya kwa miili ya wengine. Siku ya kwanza umaskini wake ulipotaka kuingia kwenye picha, aliupaka kijani.

*

Ijumaa walitoka pamoja, lakini Kanali alitangulia mbele na mchoraji akamfuata nyuma kama mtu anayepelekwa shule. Mlangoni katibu aliwaambia kwamba waliokuja kwa shauri la usafi wapitie nyuma. Mara ya mwisho katibu huyu huyu alimletea mchoraji maji kwenye glasi yenye kisahani. Leo macho yake yalipita juu yake kama anavyopita mtu juu ya dimbwi. Kanali alimwonyesha njia: kando ya mapipa, mlango wa chuma, ngazi, korido yenye harufu ya dawa ya kusafishia. Mchoraji hakuwa ameijua njia hiyo. Wifi yake aliipita kila siku.

Kikao kilikuwa pale pale mapokezi, maana msimamizi alitaka ushahidi uonekane. Wafagiaji wawili walisimama ukutani na madekio yao. Meneja alishuka, mwanamke wa sauti laini na viatu visivyolia, akamsalimia mchoraji kwa furaha na kusema wageni wanaipenda sana picha.

Mchoraji alieleza. Alisema kiti kile alikibuni, kwamba Kanali alilala nyumbani, kwenye kochi. Msimamizi alitabasamu kwa huzuni na kusema ndugu akimtetea ndugu si ajabu. Meneja alisema yeye binafsi anamwamini, wasanii wana mawazo yao, lakini mambo ya wafagiaji yako chini ya kampuni ya usafi, yeye hawezi kuingilia. Tena, akaongeza akipunguza sauti, wageni hupenda kukiona kiti cha ofisi ndani ya picha, kwa hiyo ingefaa habari ya kubuni isitangazwe sana. Basi yakawa yamekwisha. Msimamizi alikuwa ameshafungua mkoba atoe karatasi.

Mchoraji naye alifungua wake. Alitoa kisu cha rangi, kitambaa, na chupa ndogo ya tapentaini ya kuyeyushia rangi.

"Hiyo picha ni mali ya ofisi," meneja alisema.

"Najua. Nitawarudishia pesa yenu, hata kama ni kidogo kidogo."

Kisha akamgeukia Kanali. Ukumbi wote ulikuwa unamtazama.

"Wifi, naomba ruhusa."

Kanali alimtazama kama anavyotazama sakafu iliyopigwa deki na mtu mwingine.

"Futa. Lakini mimi usiniguse."

Picha ilikuwa juu. Kanali alichukua ndoo ya mfagiaji aliyekuwa karibu, akaigeuza, akaisukuma kwa mguu hadi chini ya picha. Mchoraji akapanda.

Rangi ya mafuta ina tabia yake. Juu hushika mapema, ukadhani imekauka, kumbe ndani bado mbichi miezi kadhaa. Kochi alilichora kwanza na lilikuwa limekauka kama mfupa. Kijani kilikuja baadaye. Alikilowesha kwa kitambaa, akapitisha kisu, kijani kikaja kwenye ncha kama utando wa maziwa. Harufu kali ikajaa mapokezi yale yenye manukato. Alifuta akizunguka bega la Kanali, akizunguka kisigino, akishusha pumzi kila alipokaribia ngozi. Ua la kwanza likatokea, limefifia. Likatokea la pili. Vifungo vya ngozi vikaondoka kimoja kimoja. Kisha mkono wa kulia wa kochi, na mpasuko wake, na sponji ya manjano ikatoa ulimi mbele ya watu wote.

Hakuna aliyecheka. Mfagiaji mmoja alisogea, dekio mkononi, akaangalia vizuri.

"Kama la kwetu," alisema polepole.

Msimamizi aliitazama ile sponji kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa ameitazama picha yote siku ya kwanza. Aliuliza kochi ni la nani.

"Langu," mchoraji alisema, bado yuko juu ya ndoo.

Msimamizi alirudisha karatasi mkobani. Alisema Kanali aingie zamu Jumatatu, ila si mapokezi tena, atasafisha chini, kwenye maegesho ya magari. Samahani haikusemwa. Meneja aliomba picha iondolewe kabla wageni wa saa nne hawajafika, kwa sababu kitu kama kile hakiwezi kukaa mbele ya watu. Hakutaja kama alichokiita kitu ni picha au kochi.

*

Walirudi nayo kwa miguu, imefungwa shuka, mmoja kashika huku na mwingine kule. Watu waliwapisha wakidhani ni kioo. Njia nzima Kanali alisema neno moja tu, kwenye kivuko cha barabara: "Inua upande wako."

Nyumbani mchoraji alisema ataichoma. Kanali alikuwa anavua viatu vyake, amekaa kwenye kigoda cha jikoni.

"Usiichome. Yule ni mimi."

Aliibeba mwenyewe hadi chumbani kwake, akaiegemeza kando ya kitanda, uso ukitazama ukuta. Mtoto alipomwuliza shangazi kwa nini picha imegeuzwa, aliambiwa imechoka, inalala.

Kochini hakulala tena. Alitoka kazini, akasalimu, akapita. Ungedhani kochi limeota miiba. Mchoraji alichora mabango ya maduka mchana ili arudishe pesa ya watu, bei ya nyama, bei ya kusuka, ng'ombe mwenye tabasamu. Fundi alisema walau ng'ombe hashtaki. Mkewe alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yatokee.

Asubuhi moja mchoraji aliung'oa mlango wa kabati wenye kioo, akauegemeza mkabala na kochi, akakaa kochini. Alikuwa amekwisha kuchora nyuso za wanawake wengi kiasi kwamba alidhani uso wake utakuja wenyewe. Haukuja. Kidevu kilijiinua bila kuinuliwa. Macho yalipunguza uchovu. Na alipofika mashavuni alishtuka kuona brashi yake inachota manjano na nyeupe, inayatia kwenye kahawia, pole pole, kama mtu anayeiba sukari. Alikumbuka yule bibi harusi ambaye yeye alimwambia akaoge. Aliweka brashi chini, akakaa mikono mapajani. Kisha akachukua kisu, akakwangua, akaanza upya kwa kahawia nzito na buluu.

Hakuifunika kwa shuka. Aliiacha picha wazi, asubuhi hiyo na zilizofuata. Mumewe akapita akasema masikio yamezidi. Mtoto akasema mama amenuna. Kila neno lilimchoma, na mkono haukukauka.

Kanali alizipita asubuhi hizo zote bila kugeuza shingo. Kisha ikaja moja, karibu picha iishe, akasimama, mkoba begani, harufu ya mafuta ya magari nguoni. Aliitazama picha, akamtazama mchoraji pale kochini, akairudia picha.

"Sponji umeisahau," alisema.

Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Mchoraji aliangalia kioo, akaangalia picha. Alipapasa mkono wa kochi chini ya kiwiko chake. Kweli, siku zote hizo alikuwa ameuegemea mpasuko.

Akasogea.